Juu au Chini

Nilikaa jirani na mwosha maiti kwa miaka kumi na mmoja, pale Mtawanya, Mtwara, nyumba yake na yangu zikigawana ua mmoja wa makuti, na mpaka leo mtu akiniuliza alikuwa mwanamke wa namna gani, naanza kujibu kisha nakwama. Kila ninaloshika juu yake, lipo jingine linalolivuta upande wa pili.

Jina alikuwa nalo, ila halikuwa na kazi. Watu wazima walimwita Mwosha, watoto wakamwita Bibi Mwosha, na mimi nilimwita Bibi tu. Nilikuwa mgeni. Nilitokea Songea katikati ya miaka ya tisini, Mkristo, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, nimemfuata mume wangu aliyepata kazi kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, kwenye mambo ya mikorosho. Siku ya pili baada ya kufungua mizigo nilimkuta mlangoni kwake, nikampa shikamoo na kunyoosha mkono. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, lakini mikono yake akairudisha nyuma.

"Nimetoka kazini, mwanangu," akasema. "Tutashikana kesho."

Nikadhani ni nesi. Kwa wiki mbili nzima nilimwambia mume wangu kwamba tuna bahati, mtoto akiugua usiku tuna nesi jirani. Na kweli, kesho yake alikuja mwenyewe, akanishika mikono yote miwili, akaigeuzageuza kama anayenunua kitambaa. Yake ilikuwa laini kuliko yangu. Aliipaka mafuta ya nazi kila asubuhi na kuisugua kwa majani ya mlimau, na kucha alizikata hata kabla hazijaonekana kuwa zimeota.

Nilikuja kujua kazi yake kwa sababu ya ndoo. Siku moja maji yalikatika, nikaingia uani kwake kuazima ndoo, yeye hayupo, nikachukua ile iliyotundikwa peke yake kwenye ukuta wa nyuma. Niliporudisha alikuwa amekwisha kurudi. Akaniuliza nimeoshea nini. Nikasema mchicha. Alicheka mpaka akakaa chini, akapiga magoti yake kwa viganja, akawaita na wanawake wa nyumba ya pili waje wasikie. Wao ndio walionieleza ndoo ile ni ya nini. Nilipotaka kwenda kuumwaga mchicha alinikataza, akasema ndoo ni ndoo, na maji yakishamwagika yamemwagika. Lakini ndoo yenyewe hakuirudisha ukutani tena. Alinunua nyingine mpya kwa ajili ya kazi, na ile ya zamani akanipa mimi. Kwa hiyo sikujua: ndoo ni ndoo, au si ndoo?

Alizungumza Kiswahili cha watu wa kule, mtu akimwita ntu, mkono akiuita nkono, na matusi aliyatoa kwa Kimakonde ili, alivyosema, malaika wa Kiarabu wasiyaelewe. Watu walipenda kumwambia ile methali, kwamba mwosha huoshwa, kwa kicheko, kama vile ni wao wa kwanza kuikumbuka. Aliichukia. Alikuwa anawauliza, "Na mpishi je, hupikwa?" Kisha anaendelea na shughuli zake.

Kazi ile hakuruhusu mtu aichezee. Nilimsikia kupitia ukuta wa udongo, msibani kwa jirani yetu, akizungumza na marehemu kama anayemwogesha mtoto: geuka kidogo mama, lete nkono, haya tumemaliza huku. Wanawake waliomsaidia walisema kwamba muda wote kitambaa hakitoki juu ya mwili, anaingiza mkono chini yake na kuosha kwa kupapasa, bila kutazama. Msaidizi mmoja alijaribu kuinua pembe ya kitambaa achungulie. Mwosha alimtoa nje palepale, mikono ikiwa na povu, na hakumwita tena maisha. Neno lake kubwa lilikuwa stara. Alilitumia kwa mambo yote. Nyumba isiyo na mlango wa nyuma haina stara. Muhogo usioiva vizuri hauna stara. Mtu anayesimulia ndoto zake mbele za watu hana stara.

Na mtu huyuhuyu, joto likizidi, alikaa uani kwake na kanga moja tu iliyofungwa ovyo, akimenya muhogo na kuongea na wapita njia bila wasiwasi wowote. Na mtu huyuhuyu, wasichana wakichezwa unyago, ndiye aliyeitwa kwanza, kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa nyimbo. Mwaka mmoja nilialikwa. Nilikuwa nimezaa watoto wawili na nilidhani najua mambo, lakini nilitoka mle masikio yakiwaka moto. Hakukuwa na kiungo cha mwili ambacho hakukitaja kwa jina lake, kukiigiza, na kukitolea kibwagizo. Asubuhi yake nilimwona akienda msibani, kajifunga ushungi mpaka kwenye nyusi, macho chini, hatua ndogondogo.

Nilimuuliza wakati ule yanapatanaje, haya na yale. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mchana kuna jua. Akasema wale wako hai, na hawa hawawezi kujifunika wenyewe. Nilidhani nimeelewa.

Siri za miili alizizika pamoja na miili. Makovu, mimba, alama za waganga, hakuna aliyewahi kumsikia akizitaja. Isipokuwa mara moja. Alifariki mwanamke wa mtaa wa pili, mumewe akasema aliteleza kisimani. Mwosha alitoka chumbani kazi ikiwa haijaisha, mikono inadondosha maji, akasimama mbele ya wanaume waliokaa kwenye mikeka. Akasema, "Huyu hakuanguka." Akarudi ndani akamaliza kuosha. Mambo mengine yakafuata, mume akachukuliwa, watu wakaulizwa maswali, lakini yeye hakuongeza neno, hata walipomuuliza wenye mamlaka ya kuuliza. Alisema alichokuwa nacho amekwisha kusema.

Mara kwa mara alikwenda Kitaya, kijiji cha mpakani, kwa dada yake, na huko nako walimwita kuosha. Kuna wakati walimpokea mwanamke aliyevuka Ruvuma akiwa mgonjwa, hana ndugu, akafa baada ya siku tatu. Wenye familia zilizotoka Msumbiji walisema ni wa kanisani, wengine wakasema walimsikia akisema bismillahi. Wakabishana mpaka jua likapanda. Alipochoka kusubiri, Mwosha aliwaambia wazozane taratibu, maji yake yanapoa. Akaingia akamwosha. Niliposimuliwa hilo nilitegemea angeniambia kitu kikubwa kuhusu dini zote kuwa moja. Nilipomuuliza alisema alitaka kuwahi gari la kurudi mjini.

Basi ndiye mtu huyo aliyeanza kukosa pumzi.

Ilikuwa msimu wa kupuliza salfa. Mashamba yote ya mikorosho yalikuwa na ule unga wa njano, nguo zinanuka, watu wanakohoa, na yeye alikuwa na miti yake michache nyuma ya nyumba. Kwa hiyo aliposema kifua kinambana, kila mtu alijua sababu. Mume wangu akamkataza kwenda shambani. Tukampa maziwa. Msimu ukaisha, salfa ikaoshwa na mvua, na kifua kikaendelea kumbana. Alikuwa akitoka kisimani anakaa njiani mara mbili. Siku moja alimwosha mtoto mdogo, kazi ya dakika chache, akatoka nje akaegemea ukuta, midomo imepauka, jasho linamtiririka wakati kuna upepo. Akasema mkono wa kushoto ni mzito kama si wake.

Daktari wa mjini alimwekea nyaya kifuani, akatazama karatasi, akaandika barua. Alinieleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka, kwamba mishipa inayolisha moyo wenyewe inaelekea imebana, na kwamba Dar es Salaam, kwenye hospitali moja, huja madaktari wageni mara chache kwa mwaka wanaoweza kuingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, kuufikisha mpaka kwenye moyo, kupiga picha, na pakibidi kupapanua mahali palipobana. Mwosha alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Aliuliza swali moja tu: kama watu wanarudi.

Binti yake, Somoe, aliishi Dar na mumewe, lakini alikuwa anakaribia kujifungua. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikasema nitakwenda naye mimi. Kiingereza ninacho, nikajigamba, madaktari wenyewe ni wageni, nitawafasiria. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilijitolea mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Njia ya Dar miaka ile ilikuwa bado na kipande kirefu cha mchanga na matope, na tulifika tumechoka wote, mgonjwa na mzima. Wakamlaza. Mimi nililala kwa Somoe na kurudi hospitali kila asubuhi pamoja na mkwe wake, mume wa Somoe, kijana mpole ambaye mbele ya mama mkwe alikuwa haangalii juu. Alisimama mlangoni, anasalimia akiwa ameinamisha kichwa, anabaki hapohapo. Na Mwosha, aliyeimba yale aliyoyaimba kwenye unyago, akimwona mkwe huyo alivuta ushungi na kuongea kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Siku ya tatu akaja daktari mgeni. Alikuwa na ndevu fupi na haraka. Manesi wa pale walikuwa wameitwa kwa mgonjwa mwingine, akauliza nani anaongea Kiingereza, nikasimama kama mwanafunzi anayejua jibu. Akanieleza kwamba kuna njia mbili za kuufikia moyo. Ya kwanza ni mshipa wa kwenye kifundo cha mkono, pale tunapopimia mapigo. Hapo damu huzuilika kwa urahisi na mgonjwa huamka mapema, ila mshipa ni mdogo, na kwa mama wa umri ule unaweza kukaza wakalazimika kuhamia kwingine. Kisha akataja neno la Kiingereza ambalo, baada ya miaka yote ya kufundisha, sikuwa nimewahi kukutana nalo. Aliona sijaelewa, akaonyesha kwa kidole juu ya suruali yake, pale paja linapokutana na tumbo. Hapo mshipa ni mpana, na kwa njia hiyo yeye amefanya mara nyingi zaidi. Zote anaweza. Achague mgonjwa.

Nikageuka kwa Bibi. Mkwe alikuwa mlangoni, hatua nne tu kutoka kitandani.

Neno la Kiswahili nililijua. Kinena. Lakini lisemwe vipi, na mtu wa umri wangu, kwa mama yule, mbele ya mkwe wake? Hata paja lisingetamkika pale. Ningeweza kumwomba kijana atoke nje. Jambo jepesi namna hiyo lilinijia jioni, nikiwa kwa Somoe, nakunywa chai. Pale kitandani, daktari anatazama saa, nilichoweza kusema ni hiki:

"Bibi, wanauliza iwe juu au iwe chini."

Hakufikiri sana. Akasema, "Chini. Kuna stara."

Nilishangaa, lakini nilishangaa kwa sekunde moja tu, halafu nikaanza kujielewesha. Nikajiambia: mkono wa kulia ndio kazi yake, hataki uguswe. Nikajiambia: kidonda cha chini kitafichwa na nguo, hakuna atakayekiona wala kukiuliza, na hiyo kweli ndiyo stara. Nilimwona ana akili kuliko sisi sote. Daktari aliuliza tena, kwa kuwa wanawake wengi aliowahudumia hapa kwetu walitaka mkono. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba ana uhakika kabisa. Wakaleta karatasi, Bibi akaweka kidole gumba.

Kesho yake wakamwingiza. Nilikaa kwenye benchi nikisoma gazeti lilelile mara tatu. Wakatoka wakasema imekwenda vizuri, mshipa mmoja ulikuwa umebana sana, wameupanua kwa kiputo kidogo na kuacha ndani springi nyembamba ya waya ili usirudi kufunga. Mgonjwa asikunje mguu wa kulia mpaka jioni. Nilimkuta amelala chali, mguu umenyooka, macho wazi. Akaniambia kifua chepesi. Nikamshukuru Mungu wangu na wake.

Alasiri nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko nikaona shuka limebadilika rangi. Nikaita. Akaja nesi mwanamume, mtu mzima, mwenye mikono mikubwa, akafunua shuka bila kusema lolote, akaweka ngumi yake pale na kukandamiza kwa uzito wake wote. Akaniambia damu imefunguka, lazima abane hivyohivyo mpaka ikome, labda nusu saa, labda zaidi. Sina la kumlaumu yule baba. Alikuwa anamwokoa.

Bibi hakupiga kelele. Aligeuza kichwa upande wangu, akasema, "Mwalimu, nifunike uso."

Sikuelewa. Niliona mwili wake uko wazi kutoka kiunoni, na kwa akili yangu hapo ndipo pa kufunika. Nikavuta pembe ya shuka kwenda huko. Akasema tena, kwa hasira sasa, "Uso. Asinijue."

Nikatoa kanga yangu begani nikamfunika uso. Nesi akasema ondoa, lazima aone rangi ya midomo yake, mtu anaweza kuzimia na sisi hatujui. Nikaondoa. Bibi akasema nifunike. Nikafunika. Nesi akasema dada, nimekuambia ondoa. Mwishowe nilimwekea kiganja changu juu ya macho, midomo nikaiacha wazi, na tukakaa hivyo watu watatu, nesi anabana, mimi nimemziba macho, na yeye chini ya mikono yetu. Kope zake zilikuwa zikipigapiga kiganjani mwangu. Kisha zikaacha kupiga, zikalowa. Ilichukua muda mrefu kuliko nusu saa.

Paja lilivimba likawa jeusi mpaka karibu na goti. Hakuna baya zaidi lililotokea, moyo ulikuwa mzima, na baada ya siku chache tuliruhusiwa. Lakini alirudi Mtawanya akiburuta mguu, na kwa miezi hakuweza kuchuchumaa, na mwosha asiyeweza kuchuchumaa hana kazi. Wakafa watu wawili msimu ule. Walioshwa na wengine. Yeye alikaa kwenye kiti nje ya mlango akiwaelekeza kwa sauti, na sauti yake ikawa kali kuliko nilivyoizoea.

Maneno nayo yalitangulia kufika. Sijui nani aliyaleta. Kwamba Mwosha, aliyewafunika wenzake wote, huko Dar alivuliwa akashikwa na wanaume, na tena inasemekana alichagua mwenyewe. Hilo la kuchagua lingetoka kwa nani kama si kwangu? Nilimsimulia mume wangu, na dada mmoja pale shuleni, kwa kumsifu, jinsi alivyojibu bila woga. Bibi alipoyasikia aliwatungia wimbo, mchafu kuliko ule wa unyago, akauimba kisimani wote wakiwepo, nao wakacheka na kunyamaza. Nilidhani yameisha. Lakini kwangu hakuja kwa siku tisa, na ua wetu ulikuwa mmoja.

Nilianza kupotea mawazoni. Siku moja nilimpeleka mwanangu kwa daktari kijana mjini, nikamsimulia habari ile kama vile inamhusu mtu baki. Aliniuliza mbona hawakupitia mkono. Wanawake, akasema, kwa njia ya chini hutoka damu zaidi. Nikamwambia alichagua mwenyewe. Akainua mabega. Nilirudi nyumbani nikijiuliza alichagua nini hasa. Alisema stara. Mimi nikaifasiri stara kuwa ni mahali palipofichika. Je, kama alimaanisha mahali pasipofichuliwa? Lakini mahali hapo si ni juu, na yeye alisema chini? Nilizunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Kumuuliza sikuweza. Kila nilipotaka, nilikiona kiganja changu machoni mwake.

Baada ya mwaka hivi mguu ulinyooka, akarudi kazini, tukarudi kuazimana chumvi. Kisha mume wangu akahamishwa, nasi tukaondoka Mtwara bila mimi kumuuliza.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa arusi ya binti wa rafiki. Nikaenda Mtawanya mchana. Ua wa makuti haukuwepo tena, pamejengwa ukuta wa tofali. Yeye alikuwa barazani, amekuwa mdogo, amezungukwa na muhogo aliokuwa akiumenya ili aanike makopa. Aliniita Mwalimu kabla sijatoa shikamoo. Moyo wake, alisema, unakwenda. Kuosha ameacha, amewaachia wenye magoti. Tuliongea habari za waliozaa na waliokufa, na alinicheka kwa unene. Halafu likanitoka lenyewe.

"Bibi, siku ile hospitali, kwa nini ulichagua chini?"

"Chini wapi?"

"Ulipoulizwa. Juu au chini."

Akasimamisha kisu. Akasema, "Si vitanda?"

Akanieleza, kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto. Asubuhi ile, kabla sijafika, alikuja nesi mmoja mnene, akamwambia wanataka kuwahamisha, kuna vitanda juu na vitanda chini. Huko juu wanaume wanapitapita, chini ni wanawake peke yao. Kisha nikaja mimi na daktari na mkwe, nikamuuliza juu au chini. Akasema chini, kuna stara. Alishangaa kwamba baadaye hawakumhamisha, ila hospitali ni mambo mengi.

Nilijaribu kumkumbuka nesi mnene, sikumkumbuka. Nilijaribu kukumbuka wodi ya chini. Ninavyokumbuka mimi, chini kulikuwa na dirisha la dawa na mabenchi. Lakini mimi asubuhi zile nilikuwa kwa Somoe. Nilimtazama usoni nione kama ananipunguzia mzigo. Alikuwa ananingoja.

"Kwani nyie mlikuwa mnauliza nini?" akasema.

Barazani tulikuwa wawili tu. Nikamwambia. Safari hii nilitaja kinena kwa jina lake, naye hakushtuka. Kisha nikamweleza ile njia nyingine. Akaweka kisu chini, akafuta mkono wa kulia kwenye kanga, akaunyoosha kwangu. Nikamwonyesha kwa kidole mahali penyewe, chini ya kidole gumba, mshipa ulipokuwa ukigonga chini ya ngozi iliyolegea.

"Hapa?"

"Hapo."

"Kwenye nkono tu? Na moyo wanaufikia?"

"Wanaufikia, Bibi."

Aliuvuta mkono karibu na macho. Akaugeuza, akaugeuza tena, akapagusa mahali pale kwa kidole cha mkono mwingine na kukiacha hapo.

"Kumbe hapa ntu havui hata kanga," akasema.

Alisema polepole, kwa sauti ya kawaida. Sikujua kama ananilaumu, au anasikitika, au anastaajabia tu ufundi wa watu. Nilisubiri aongeze. Nilikuwa tayari kuomba radhi, nilikuwa na maneno yake yote, niliyabeba miaka. Yeye alitazama juu kupima jua, kisha akanisogezea kisu cha pili, mpini ukiwa upande wangu.

"Menya," akasema. "Haya hayatakauka."

Nikakaa chini nikamenya.